Uzoefu wangu: kisanduku cha majaribio ya sayansi (darasa la tano hadi kidato cha pili), Dar es Salaam

Kisanduku hiki nilikinunua Kariakoo. Ndani kuna kipimajoto cha kioo chenye spiriti nyekundu, mizani ya springi ya nyutoni 5, dira, sumaku mbili, saa ya jua ya plastiki, tufe dogo la dunia, mipira ya foamu ya kutengenezea sayari, lenzi, prizimu ya plastiki, silinda ya kupimia ya mililita 100, balbu mbili za volti 2.5, kishikilia betri na waya zenye klipu. Pamoja navyo kuna kijitabu cha maelekezo.

Nimekitumia na wanafunzi wa darasa la sita na wa kidato cha kwanza. Vifaa vingi vinafaa. Kijitabu ndicho tatizo, maana kimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayeishi mbali sana kaskazini mwa ikweta. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Ukifuata maelekezo neno kwa neno, mtoto anapata jibu tofauti na la kitabu, kisha anaamini kakosea yeye. Hajakosea, na mzazi au mwalimu anayekinunua anatakiwa ajue mapema wapi pa kurekebisha.

Saa ya jua ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Kibao cha pembetatu kinachotoa kivuli kimegandishwa kwenye sahani kwa pembe inayokaribia nyuzi 50. Pembe hiyo lazima iwe sawa na latitudo ya mahali ulipo, na kibao kielekee ncha ya anga, yaani sehemu ya anga ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kwetu ncha hiyo ni ya kusini, nayo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo saa ya nyuzi 50 ikiwa imelazwa mezani haiwezi kusoma sawasawa hapa hata ukiigeuza vipi. Iweke kando utengeneze nyingine kwa kadibodi, kazi ya nusu saa.

Kata kadibodi ngumu ya sentimita 40 kwa 20. Upande mrefu utaelekea mashariki na magharibi. Chora mstari wa katikati kutoka kusini kwenda kaskazini. Huo ndio saa sita mchana. Kutoka kwenye mstari huo pima kila upande sentimita 1.3, 2.9, 5.0, 8.7 na 18.7, na kila kipimo ukichoree mstari unaokwenda sambamba na ule wa kati. Upande wa mashariki andika saa saba, nane, tisa, kumi na kumi na moja. Upande wa magharibi, ukianzia karibu na kati, andika saa tano, nne, tatu, mbili na moja. Sasa chukua spoku ya baiskeli iliyonyooka, uilaze juu ya mstari wa katikati, ikishikiliwa na vipande viwili vya mbao ili iwe sentimita 5 juu ya kadibodi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwisho, inua ukingo wa kusini wa kadibodi kwa sentimita 2.4, ambazo kwa urefu wa sentimita 20 zinatoa mwinamo wa nyuzi 6.8. Kivuli cha spoku kitahama mstari hadi mstari. Vipimo vinatokana na urefu wa spoku: 5 zidisha kwa tanjenti ya nyuzi 15, 30, 45, 60 na 75, kwa kuwa jua husogea nyuzi 15 kila saa. Ukibadili urefu wa spoku, badilisha na mistari.

Saa hii itakuwa nyuma ya saa ya simu, na hapo ndipo wengi hudhani imeharibika. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko kama nyuzi 39.3. Jua linachelewa kutufikia kwa dakika 23. Juu ya hizo kuna tofauti inayoletwa na mwinamo wa dunia na mzunguko wake usio duara kamili. Katikati ya Februari ucheleweshaji wote unafika dakika 37. Mwanzoni mwa Novemba unashuka hadi kama 7. Mwambie mtoto aandike tofauti hiyo kila wiki pembeni ya kalenda. Grafu atakayoipata baada ya miezi kadhaa inafundisha mwendo wa dunia kuliko kurasa zote za kijitabu.

Kijitabu pia kinasema kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini. Kwetu ni kweli kwa miezi mitano tu hivi. Jua hupita utosini Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Simamisha fimbo wima, hakikisha kwa timazi (uzi na jiwe vinatosha), na kivuli kitaishia chini ya fimbo yenyewe. Usitazame saa sita kamili. Mwezi wa Machi ni saa sita na dakika 35, na Oktoba ni saa sita na dakika 10 hivi. Nje ya siku hizo, fimbo ya mita 1 itatoa kivuli cha sentimita 58 kuelekea kusini tarehe 21 Juni, na sentimita 30 kuelekea kaskazini tarehe 21 Desemba. Mtoto akipata 56 au 60 kapima vizuri. Akipata 70, fimbo imeinama au uwanja una mteremko.

Dira nayo ina shida. Sindano inakwaruza chini na kukwama, na ukiigonga inasimama popote. Sababu ni kwamba uga wa sumaku wa dunia hauko mlalo. Katika nchi za kaskazini ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini, hivyo watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa. Sisi tuko kusini mwa ikweta ya sumaku (mstari ambako uga huo uko mlalo), na hapa ni ncha ya kusini inayovutwa chini. Uzito ule ule waliouongeza kule unazidisha mwinamo huku. Kama kifuniko kinafunguka, tone dogo la nta kwenye ncha ya kaskazini linarekebisha. Kama hakifunguki, magnetisha sindano ya cherehani: isugue kwa sumaku mara 30 au 40, kuelekea upande mmoja tu, ukiinua sumaku mbali kila unaporudi mwanzo. Ilaze juu ya kipande cha foamu kwenye bakuli la plastiki lenye maji. Maji yanaizuia kuinama, nayo inageuka vizuri kabisa.

Jambo jingine kuhusu dira, na hili ni kosa la waliopanga kisanduku: sumaku zimewekwa kwenye tundu lililo jirani nayo. Sumaku yenye nguvu ikikaa karibu kwa muda inaweza kuzigeuza ncha za sindano, kaskazini ikawa kusini. Kabla ya kuiamini, ilinganishe na mahali jua linapochomoza. Na usipime juu ya sakafu ya ghorofa, kwa sababu nondo ndani ya zege zinavuta sindano. Nenda uwanjani.

Mizani ya springi ni nzuri kwa bei yake. Kabla ya kutumia rekebisha sifuri kwa skrubu ya juu, mizani ikiwa imening'inia. Njia rahisi ya kuikagua ni maji: mililita 100 ni gramu 100, na zinavutwa kwa kani ya nyutoni 0.98. Pima kwanza mfuko au kikombe kitupu, kisha ongeza maji mililita 100 kwa 100 kwa kutumia silinda. Kila hatua iongeze karibu nyutoni 1. Usivuke nyutoni 5. Springi iliyovutwa kupita mpaka wake hairudi urefu wa awali, na kutoka siku hiyo kila kipimo kitazidi.

Kuna jaribio moja kwenye kijitabu ambalo haliwezi kufanikiwa kwa mizani hii, nalo ni kulinganisha jiwe lililozamishwa kwenye maji yasiyo na chumvi na lile lililo kwenye maji ya chumvi. Jiwe la sentimita za ujazo 100 likizama kwenye maji ya bomba linapoteza nyutoni 0.98 za uzito wake. Kwenye maji ya bahari, yenye msongamano wa gramu 1.025 kwa kila sentimita ya ujazo, linapoteza 1.00. Tofauti ni nyutoni 0.02, wakati mstari mdogo kuliko yote kwenye mizani ni 0.1. Mtoto haoni chochote na anaandika kwamba maji yote ni sawa. Tumia yai bichi badala yake. Linazama kwenye maji ya bomba, linazama hata kwenye maji ya bahari ya ufukwe wa Coco, kisha linaelea ukikoroga vijiko vitatu vya chakula vya chumvi ndani ya glasi ya maji. Jibu linaonekana kwa macho.

Kipimajoto changu kilikuwa kinasoma nyuzi 1 juu. Si vibaya, lakini kikague. Ponda barafu, ijaze kikombe, ongeza maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga dakika mbili: kisome 0. Kisha kiweke kwenye maji yanayochemka bila kugusa sufuria. Hapa pwani kinatakiwa kisome 100, au pungufu kidogo mno kwa wanaoishi vilima vya Pugu, kwa sababu kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Spiriti ikikatika vipande ndani ya kioo wakati wa kusafirishwa, usiipashe moto. Changanya barafu na chumvi, uzito wa barafu uwe mara tatu ya chumvi, tumbukiza tungi (sehemu ya chini ya kipimajoto inayohifadhi spiriti) mpaka spiriti yote iingie chini, kisha acha ipande polepole ikiwa wima.

Upande wa umeme sina mengi. Betri mbili za volti 1.5 zikiunganishwa mfululizo zinawasha balbu vizuri. Sumaku ya umeme kwa msumari na mizunguko 50 ya waya inafanya kazi, ila usiishikilie zaidi ya sekunde kumi, maana waya mfupi ni kama kuunganisha ncha za betri moja kwa moja, na vyote vinapata moto.

Mipira ya sayari ni ya kupamba ukuta. Ukubwa wake hauna uwiano, na imo tisa pamoja na Pluto, ambayo tangu 2006 imewekwa kwenye kundi la sayari kibete. Tumia gololi badala yake. Dunia ikiwa gololi ya sentimita 1, mwezi ni punje ya milimita 2.7 iliyo sentimita 30 kutoka hapo. Jua ni duara la sentimita 109, umbali wa mita 117, yaani limepita mwisho wa uwanja wa mpira. Neptuni ingekuwa kilomita 3.5: ukiweka jua Mnara wa Askari pale Posta, Neptuni iko Magomeni.

Kipimo hicho kinajibu pia swali ambalo watoto huuliza kila mara, kwa nini mwezi haupatwi kila mwezi mpevu. Njia ya mwezi imeinama nyuzi 5. Kwenye sentimita 30, mwinamo huo unaupeleka mwezi hadi sentimita 2.6 juu au chini, na dunia yenyewe ni sentimita 1 tu. Kivuli kinaukosa. Katika jaribio la mpira na taa gizani, mwambie mtoto ainue mpira juu kidogo ya kichwa anapoipa taa mgongo, la sivyo kila mzunguko utampa kupatwa. Na mchoro wa mwezi mchanga uliosimama wima kama herufi D aufute. Kwetu unalala kama mtumbwi, pembe zikitazama juu, kwa sababu njia yake inashuka karibu wima kuelekea magharibi.

Kijitabu hakina neno hata moja kuhusu kupwa na kujaa, na hilo limeniuma, kwa kuwa bahari tunayo mlangoni. Chomeka mti wenye alama za sentimita 10 ufukweni, au tumia nguzo ya gati iliyopo, na mtoto asome kila nusu saa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu ni bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa inapita mita 3. Wakati wa maji mafu inabaki kama mita 1. Mtoto asiende peke yake, na aondoke maji yanapoanza kurudi.

Kuhusu utunzaji, hewa yetu ya chumvi inakula vibanio vya betri haraka. Toa betri kila ukimaliza, na kutu ikianza ipanguse kwa siki kisha msasa laini. Lenzi zihifadhi kwenye kopo lenye mchele mkavu, vinginevyo ukungu unaota juu ya kioo.

Ukienda kununua, fungua kisanduku dukani kabla ya kulipa. Angalia spiriti haijakatika, ning'iniza chupa ya maji ya nusu lita kwenye mizani uone kama inasoma karibu na 5, na zungusha dira ikiwa mlalo mbali na sumaku. Balbu omba wazijaribu mbele yako, kwa sababu hizo zikishaungua kupata nyingine za volti 2.5 ni kazi; muuzaji wangu alikubali kuongeza mbili bila malipo nilipomwomba.