Mizani ya kupima mafuta ya mwili: miezi minne ya kuipanda

Niliinunua Kariakoo kwa 65,000, ile ya kioo yenye vipande vinne vya chuma vya kukanyagia. Nina kilo 112 na urefu wa sentimita 163, yaani BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) 42. Hilo nilishalijua. Nilichotaka ni kujua katika kilo hizo mafuta ni ngapi, maana nimeanza mazoezi na uzito umegoma kushuka.

Siku ya kwanza, alfajiri: mafuta asilimia 46.1. Jioni, baada ya kushinda nimesimama dukani na miguu imejaa: 43.4. Nikashangilia kidogo. Kisha nikanywa nusu lita ya maji, nikapanda tena. Uzito umeongezeka nusu kilo, na sehemu kubwa imeandikwa mafuta. Maji ya ndoo yamegeuka mafuta tumboni mwangu kwa dakika mbili!

Basi nikaanza kuichokoza. Kwenye programu ya simu nikajiongezea urefu sentimita tano: mafuta yakapungua. Nikachagua "mwanamichezo": yakapungua zaidi. Kumbe mizani haioni mafuta. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka unyayo huu hadi ule na kupima unavyozuiwa njiani, kwa kuwa maji huupitisha na mafuta huukataa. Yaliyobaki inakisia kwa umri, jinsia na urefu. Tena umeme huo hupita zaidi miguuni na nyongani. Tumbo langu, ambalo ndilo lenye kesi, unaligusa juujuu tu. Na sisi wanene sana tuna maji mengi nje ya seli, hivyo mara nyingi inatutajia mafuta pungufu ya tuliyonayo.

Koleo la kubana ngozi, lile la kukadiria mafuta kwa unene wa mkunjo, nilishalijaribu jimu. Mkunjo wa tumbo haukuingia. Kocha aliona haya kuliko mimi.

Kilo zenyewe inazipima vizuri, nimelinganisha na mizani ya kliniki. "Umri wa mwili" ipuuzeni. Nina miaka 39, yenyewe inaniambia 58.

Sasa napanda Jumamosi tu, alfajiri, nikitoka msalani, kabla ya chai, na natazama mwelekeo wa mwezi. Pembeni nina tepu ya fundi cherehani ya shilingi elfu moja: kiuno kimetoka sentimita 118 hadi 112, wakati kilo zimepungua moja na nusu tu.

Nyota tatu. Mwenye betri ya moyo (kifaa cha kuongoza mapigo, pacemaker) asiipande kabisa. Onyo limo kwenye karatasi yake, kwa herufi za kutafuta kwa tochi.