Robocopy na mafaili yanayofika nusu: uzoefu wangu

Mazingira ninayotumia Robocopy, programu ya kunakili mafaili, ni haya: kompyuta za Windows 10 na 11, hifadhi ya mtandao (NAS) yenye diski mbili, swichi ya mtandao ya matundu 8, na kazi za uchapaji za PSD (Photoshop), PDF na CDR (CorelDRAW), nyingine faili moja linapita GB 5. Karakana nyingi za Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, zina mpangilio kama huu. Na ugonjwa ni ule ule: folda kwenye hifadhi ina mafaili 4,312, kwenye diski ya kubeba yamefika 4,297, na hakuna anayejua hayo 15 yamebaki wapi.

Robocopy hailipiwi wala haipakuliwi. Imo ndani ya Windows tangu Vista. Haina vitufe, unaandika amri kwenye kile kidirisha cheusi cha Command Prompt. Naipa nyota nne kati ya tano.

Ukikokota folda kwa kipanya, Windows ikigonga faili baya inakuuliza ujaribu tena, uruke au uache. Mwenye haraka anaweka tiki ya kufanya hivyo kwa yote, anabonyeza Skip, anakwenda kunywa chai. Kuanzia hapo kila faili lenye kasoro linarukwa kimya kimya, na mwishoni hupewi orodha ya yaliyoachwa. Robocopy inaandika jina la kila faili lililokataa pamoja na namba ya kosa. Kwangu hiyo namba ndiyo thamani yake hasa, kuliko hata kasi.

Amri ninayoanza nayo:

robocopy "\\192.168.1.20\kazi" "D:\kazi" /E /R:1 /W:1 /XJ /FFT /NP /TEE /LOG:C:\logi\kazi.txt

Folda ya C:\logi iwepo kwanza, la sivyo amri inagoma. /E inachukua folda zote za ndani, hata tupu. /XJ inazuia njia za mkato za folda zisiizungushe Robocopy bila mwisho. /LOG inaandika kila kitu kwenye faili la kumbukumbu (logi), /TEE inakionyesha kwenye skrini pia, na /NP inaondoa asilimia za maendeleo. /FFT inavumilia tofauti ya sekunde 2 kwenye saa za mafaili. Hifadhi nyingi zinaendeshwa na Linux, na bila hiyo unaweza kukuta inanakili upya mafaili ambayo hayajaguswa. Lile chaguo la /DST linalopendwa kwenye mafunzo ya nchi zenye majira ya baridi hatulihitaji, saa ya Uganda haisogezwi mbele wala nyuma.

Jambo la kukazia macho ni /R na /W. Usipoziandika, Robocopy inajaribu kila faili mara 1,000,000 na kupumzika sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: siku 347 kwa faili moja lililokataa. Wengi wanadhani imeganda, kumbe inatii. Mimi naendesha mizunguko miwili. Wa kwanza ni mchana, kwa /R:1 /W:1, ili makosa ya ruhusa na mafaili yaliyofunguliwa yajitokeze haraka. Nikishayarekebisha, wa pili ni jioni kwa /R:20 /W:30, na hapo naongeza /Z.

Kwa nini 20 na 30? Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri yake na skrini inawaka kama kawaida, lakini swichi ndogo iliyo chini ya meza imezima pamoja na hifadhi. Ukirudi, hifadhi inahitaji dakika kadhaa kuwaka na kukagua diski zake. Majaribio 3 ya sekunde 10 yanakwisha ndani ya nusu dakika, na faili linahesabiwa kuwa limeshindikana. Majaribio 20 ya sekunde 30 ni dakika 10, kwa kawaida zinatosha. Kama una UPS (betri ya akiba ya umeme), iunganishe na swichi pia. Nyingi ninazoziona zinalinda hifadhi peke yake.

/Z inaruhusu faili lililokatika kuendelea pale lilipoishia. Kwa PSD ya GB 6 ni neema. Kwa vipande 20,000 vya picha ndogo inakuchelewesha bure, kwani kuanza upya faili la KB 300 hakuna hasara yoyote.

Sasa soma logi. Nenda chini kabisa kwenye jedwali, angalia safu ya FAILED mbele ya Files. Ikiwa si 0, tafuta neno ERROR:

ERROR 5 ni ruhusa: akaunti uliyoingia nayo haina haki ya kusoma folda hiyo. ERROR 32, kuna mtu amelifungua faili hilo. Robocopy haiwezi kupiga picha ya faili linalotumika, kwa hiyo mwambie mwenzako alifunge. Kama mafaili yako kwenye kompyuta ya Windows, fsmgmt.msc itakuonyesha nani amelishika. ERROR 53, 59 na 64 ni mtandao umepotea njiani: waya, swichi, Wi-Fi, au hifadhi imezima. Diski lengwa ikiwa ya FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, hakuna faili la kufikia GB 4 litakaloingia, hata nafasi ingekuwa tele. convert E: /fs:ntfs huibadilisha iwe NTFS, mfumo mpya zaidi, bila kufuta kilichomo, ila hifadhi nakala kwanza.

Kuhusu waya: andika Get-NetAdapter ndani ya PowerShell, tazama LinkSpeed. Ikisema 100 Mbps mahali ulipotarajia 1 Gbps, shuku kebo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikikatika au kichwa kikibanwa vibaya, kadi inaweza kushuka hadi 100 na kazi ikaendelea, pole pole. GB 200 kwa MB 11 kwa sekunde ni saa 5 hivi. Kwa MB 110 ni nusu saa. Kadiri kazi inavyorefuka ndivyo inavyokutana na umeme kukatika.

Nyota niliyoipunguza iko hapa. Robocopy inalinganisha ukubwa na tarehe, yaliyomo haiyasomi. Tena inatenga nafasi yote ya faili mwanzoni, kwa hiyo faili lililokatika katikati linaonyesha ukubwa kamili ukilitazama kwenye folda. Kinacholiumbua ni tarehe: lisilokamilika hubaki na tarehe ya zamani mno, kama 1980. Panga folda kwa tarehe, yatajikusanya upande mmoja.

Kwa kazi ya mteja sitosheki na hilo. Naichomoa diski kwa utaratibu, naichomeka tena ili Windows isinisomee kutoka kwenye RAM, kisha:

certutil -hashfile "D:\kazi\bango.psd" SHA256

Amri hiyo hiyo kwa faili la kwenye hifadhi. Kila upande amri inatoa alama ya herufi 64 iliyokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo; zikifanana, faili ni lile lile. Inachukua muda, maana faili linasomwa lote tena kupitia mtandao, ila diski ikishapanda basi la Mbarara huna pa kuirudia.

Mitego michache. Usimalizie njia kwa mkwaju ndani ya alama za nukuu, kama "D:\kazi\"; mkwaju unaimeza nukuu na amri yote inavurugika. Ukifungua kidirisha kama msimamizi, herufi ya Z: uliyoizoea huenda isionekane, ndiyo maana naandika anwani kamili ya hifadhi. /MIR iogope: inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, na ukikosea kupanga pande, imekwisha. Ijaribu kwanza na /L, ambayo inaorodhesha tu bila kugusa kitu.

Na ukinakili kutoka kwenye mzizi wa diski, kwa mfano E:\ kwenda D:\nakala, folda lengwa inaweza kutoweka machoni kwa sababu imerithi sifa ya kufichwa. Haijafutika. attrib -h -s "D:\nakala" inairudisha.