Mykonos hadi Santorini: tiketi ipi ununue?

Kwenye ramani visiwa hivi viwili vya Ugiriki ni pua na mdomo. Uwanja wa ndege wa Mykonos na ule wa Santorini vimeachana kwa kilomita 116 hivi, safari ya nusu saa na ushei kwa ndege ya mapangaboi. Ila siku nyingi za mwaka ndege hiyo haipo. Safari za moja kwa moja ni chache na hufuata msimu wa kiangazi, kwa hiyo tiketi nyingi utakazoona zinapitia Athens: kilomita kama 135 kuelekea magharibi, kusubiri, halafu kilomita 218 hivi kurudi kusini-mashariki. Unaruka zaidi ya kilomita 350 ili ufike kisiwa cha jirani.

Nafasi ya kwanza naipa boti ya kasi. Huchukua saa 2 hadi 3, kutegemea inatia nanga visiwa vingapi njiani, na bandari ya Tourlos iko karibu na mji wa Mykonos. Nauli yake si ya kitoto, hasa Julai na Agosti. Na miezi hiyohiyo ndiyo ya meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaochafua bahari ya Aegean. Ukitoka Mykonos kwenda Santorini mawimbi hukusukuma kwa nyuma. Ukirudi unayapanda uso kwa uso, na hapo boti ikienda mrama utajuta kunywa chai. Kama tumbo lako halipatani na bahari, anzia Mykonos umalizie Santorini. Upepo ukizidi, boti ndogo za kasi huzuiwa kabla ya meli kubwa, hivyo usipange boti na ndege ya kurudi nyumbani siku moja.

Ya pili, na mimi ndiyo ningeichagua kama ningekuwa na siku ya ziada: nenda kisiwa cha Naxos, kilicho katikati ya njia, ulale, kesho yake upande meli kubwa ya magari hadi Santorini. Ni saa 2 hivi, nauli ni nafuu, na unakaa sitahani ukipunga upepo badala ya kufungiwa ndani kama kwenye boti nyingi za kasi.

Ndege ya moja kwa moja ukiikuta siku yako, linganisha bei pamoja na begi, maana nauli ya chini mara nyingi ni ya mkoba wa mkononi tu.

Kupitia Athens naiweka mwisho. Kila kipande ni dakika 40 hadi 50, lakini ukijumlisha kuwahi uwanjani na kusubiri, nusu siku imekwisha. Isipokuwa majira ya baridi: kuanzia Novemba boti za moja kwa moja husimama hadi masika, na hapo Athens inapanda namba moja bila mpinzani.