Kikokotoo chenye kumbukumbu: Casio DJ-120D Plus na vifaa vingine vya meza ya mtunza hesabu

Kikokotoo cha mezani hakijulikani ubora wake dukani, kwa sababu dukani kila kimoja hujumlisha vizuri. Hujulikana tarehe 19 ya mwezi, saa kumi na moja jioni, wakati ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inatakiwa kuwasilishwa kesho yake, rundo la risiti za manunuzi limekwisha kujumlishwa mara mbili, na majumlisho mawili yamekataa kufanana. Nimekuwa nikitunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo na wa kati jijini Dar es Salaam kwa miaka ya kutosha kuchakaza vikokotoo kadhaa, na kwa saa hiyo ya jioni ninakiamini kimoja kuliko vingine vyote: Casio DJ-120D Plus.

Sababu kubwa si kasi yake, kwani karani aliyezoea hupiga kwa kasi hiyo hiyo kwenye mashine yoyote yenye vitufe vizuri. Sababu ni kwamba kikokotoo hiki huhifadhi hatua 300 za hesabu uliyoifanya na kukuruhusu kuzirudia moja baada ya nyingine. Mwezi uliopita nilijumlisha risiti 64 za duka la vifaa vya ujenzi, nikapata jumla iliyopishana na daftari la mteja kwa shilingi 9,000 kamili. Tofauti inayogawanyika kwa tisa bila kubaki kitu humfanya mtunza hesabu ashuku mara moja kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, maana hiyo ndiyo tabia ya kosa la aina hiyo. Kwa kikokotoo cha kawaida ningerudia risiti zote tangu ya kwanza. Kwa DJ-120D Plus nilibonyeza mshale wa kurudi nyuma, kioo kikanionyesha namba ya hatua pamoja na kiasi nilichoingiza, nami nikawa napekua risiti kwa mkono wa kushoto huku nikibonyeza mshale kwa mkono wa kulia. Kwenye hatua ya 41 nilikuta 278,400 mahali ambapo risiti ilisema 287,400. Nikabonyeza kitufe cha CORRECT, nikaandika kiasi sahihi, nikabonyeza tena, na jumla ikajirekebisha yenyewe bila kuzigusa risiti 23 zilizobaki.

Ni lazima niseme pia mipaka ya uwezo huo. Ukibonyeza AC, kile kitufe cha kufuta hesabu yote, kumbukumbu yote ya hatua inafutika, na mtu mwenye mazoea ya kubonyeza AC kila anapovuta pumzi hatafaidika na chochote alicholipia. Vilevile kikokotoo hukumbuka ulichoingiza, si ulichopaswa kuingiza: risiti iliyonasa chini ya nyingine na kurukwa haitaonekana kwenye hatua zozote. Kwa hiyo bado nahesabu idadi ya risiti kabla ya kuanza, kisha nalinganisha na idadi ya hatua mwishoni. Kinga hiyo haina gharama, na imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kioo chake kina nafasi za tarakimu 12, na kwa shilingi yetu hiyo si anasa. Kikokotoo kidogo cha mfukoni chenye nafasi nane hukomea 99,999,999, yaani hakiwezi kubeba hata milioni mia moja, kiasi ambacho duka la jumla lenye wateja wa mikoani hukivuka bila shida. Vitufe ni vipana, kile cha kujumlisha ni kikubwa kuliko vingine, na kitufe cha 5 kina alama ndogo inayohisiwa kwa kidole ili macho yabaki kwenye karatasi. Jambo ambalo hutaliona kwenye maandishi ya boksi lakini vidole vitaliona siku ya kwanza ni kwamba ukibonyeza namba ya pili kabla kidole cha kwanza hakijainuka, zote mbili zinaingia. Kwenye vikokotoo vya bei ya chini moja humezwa, na hujui ni ipi.

Suala la VAT linastahili maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona makosa mengi zaidi ya makarani wapya. Tuchukue risiti ya shilingi 472,000 ambayo ndani yake mna VAT ya asilimia 18. Karani mgeni hubonyeza 472,000 mara 18 na alama ya asilimia, akapata 84,960, akaandika kiasi hicho kuwa kodi. Kodi halisi ni 72,000, kwa sababu asilimia 18 ilitozwa juu ya bei kabla ya kodi, ambayo ni 400,000, wala si juu ya jumla. Kwa risiti moja tu amejipatia ziada ya shilingi 12,960 kwenye kodi ya manunuzi, yaani ile anayoipunguza kwenye VAT anayodaiwa, na siku ya ukaguzi ziada hiyo itadaiwa pamoja na riba. Vitufe vya kodi, kwenye vikokotoo vilivyo navyo, huondoa mtego huu: unaweka kiwango mara moja, kinabaki kwenye kumbukumbu, kisha kitufe kimoja huongeza kodi na kingine huitoa. Angalizo langu ni moja, kwamba kiwango kilichowekwa kithibitishwe kabla ya kuanza kazi. Niliwahi kuazima kikokotoo kilichotoka Nairobi, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, na nusu siku nzima ikaenda bure. Asiye na vitufe hivyo abonyeze 472,000 gawanya kwa 118, kisha alama ya asilimia, na 400,000 itatokea.

Kuna swichi ndogo kwenye vikokotoo vingi vya mezani ambayo watu wengi hawaijui mpaka iwaumize, nayo ni ile ya desimali. Ikisukumwa hadi kwenye A, au kwenye ADD2 kwa baadhi ya mashine, kikokotoo hujiwekea nukta kabla ya tarakimu mbili za mwisho kila unapojumlisha au kutoa. Kwa anayehesabu dola na senti ni msaada mkubwa. Kwetu, ambako senti hatuzioni tena kwenye risiti, 125,000 inageuka 1,250.00, na kijana aliyekuwa akifanya mafunzo kwa vitendo mezani pangu alijumlisha mishahara ya watu kumi na wanane kwa namna hiyo kabla hatujagundua. Tangu hapo swichi hiyo nimeibana kwa kipande cha selotepu.

Sifa zote hizi hazina maana ikiwa umeuziwa cha bandia, na sokoni cha bandia ni rahisi kukipata kuliko halisi. Nimewahi kununua Kariakoo, kwenye duka ambalo sitalitaja, kikokotoo chenye jina kubwa la Kijapani ambacho baadaye nilikifungua na kukuta kwamba kile kidirisha cheusi kinachodaiwa kuvuta mwanga kilikuwa plastiki tupu isiyounganishwa na waya wowote. Betri ilipokufa, nacho kikafa, ingawa nilikuwa nimekaa chini ya dirisha mchana kweupe. Siku hizi huangalia mambo mawili kabla ya kutoa fedha. Naangalia kama namba kwenye vitufe zimefinyangwa ndani ya plastiki au zimechapwa juu tu, kwa kuwa zilizochapwa juu hufutika, na kitufe cha 0 ndicho hutangulia. Kisha nasoma jina la kampuni herufi kwa herufi, na ninamaanisha herufi kwa herufi.

Kwa kazi zinazohitaji ushahidi wa karatasi, DJ-120D Plus haitoshi, na hapo naiheshimu mashine inayochapa, Casio HR-100RC. Hii huchapa kila kiasi kwenye utepe wa karatasi, namba hasi zikitoka kwa wino mwekundu, kwa mwendo wa mistari miwili kwa sekunde. Utepe huo naubana kwenye kifungu cha vocha za malipo, na mkaguzi anapouona huweka alama ya vema pembeni na kuendelea, badala ya kuniita. Lakini ina kelele, inakula wino na karatasi, na ofisi yenye watu watatu chumba kimoja itakuchukia kufikia saa sita mchana. Isitoshe, msije mkashawishika kuitilia karatasi za mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, kwa sababu tu upana wake unakaribiana. Nilijaribu, na wino ulipakaa kwenye karatasi ile laini kama masizi kwenye ukuta.

Tukiwa kwenye karatasi hizo, adui mkubwa wa mtunza hesabu hapa nchini si hesabu bali joto. Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayobadilika rangi kwa joto, na ikikaa karibu na dirisha au ndani ya bahasha ya nailoni, baada ya miezi michache inabaki nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Sheria inatutaka tutunze kumbukumbu za kodi kwa miaka 5. Kwa hiyo mashine ya fotokopi ni kifaa cha uhasibu sawa na kikokotoo, na kila risiti ninayoipokea hutolewa nakala siku hiyo hiyo, kisha ya awali hubanwa nyuma ya nakala. Wala usipige hailaita juu ya maandishi ya risiti hizo, kwani baadhi ya wino wake huyafuta.

Vilivyobaki ni vya kawaida. Stepla ninayoitumia ni ya Kangaro inayokula pini za 24/6, imara kiasi cha kurithiwa, na pini zake zinapatikana hata kwenye duka la uchochoroni. Panchi yoyote yenye matundu yaliyoachana milimita 80 itafaa kwa boksi faili zetu. Kaunta buku yenye jalada gumu bado naipendelea kwa fedha ndogondogo, kwa kuwa ukurasa ukichanwa unaonekana. Tipeksi haiingii ofisini kwangu kabisa: kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani ikisomeka, iliyo sahihi huandikwa juu, na aliyesahihisha huweka saini fupi pembeni.

Nimeulizwa mara kwa mara kwa nini nisitumie simu, na jibu ni kwamba kioo hakina kitu cha kushika kwa kidole, na zaidi ya hapo simu huita katikati ya risiti ya hamsini. Excel naitumia kila siku, lakini kabla namba hazijaingia humo huwa nimezijumlisha pembeni ili nijue jumla gani natarajia kuiona.

Kwa bei, DJ-120D Plus ni ghali kuliko vikokotoo vingi vinavyopangwa mbele ya duka, na ndiyo maana mara nyingi huwa ndani ya kabati la kioo na inabidi uulize. Kikokotoo changu nimekiandika jina kwa chini kwa kalamu ya wino usiofutika, baada ya cha kwanza kuazimwa na idara ya mauzo kwa dakika tano, na mpaka leo dakika hizo hazijakwisha.