Hilux yangu na tairi 285: mwaka mmoja baadaye

Gari ni Hilux ya dizeli, injini 2.4, gia za mkono. Ilikuja na tairi 265/65R17. Kazi yake ni kutoa nyanya mashambani Kilolo, Iringa, kuzipeleka Dar, na masika ndiyo yaliyonichosha. Mara mbili nililala njiani, tumbo la gari limekalia tuta la katikati, matairi yanazunguka bure. Nikaamua kufunga kubwa zaidi, 285/70R17, zenye kashata (meno ya tairi) nene. Milioni mbili na ushee kwa manne.

Kwenye tope sina lawama. Nikipunguza upepo kidogo, napita pale nilipokuwa naomba trekta. Ila kuhusu kimo nilijidanganya. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 776 hivi, jipya 831. Nikajihesabia sentimita tano na nusu. Wapi! Gari huinuka kwa nusu ya hiyo tu, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Nimenunua sentimita 2.7. Siku hizi naamini kilichonitoa topeni ni kashata, na kashata kama hizo zipo hata kwa saizi ya zamani.

Siku ya kwanza tu, nimekata usukani hadi mwisho huku narudi nyuma, nikasikia krrr: tairi linakula plastiki ya ndani ya madigadi. Fundi akaja na kisu. "Bosi, tunakata kidogo tu hapa." Kidogo hicho kikawa kiganja kizima kila upande.

Kilichonishtua hasa ni mlima Kitonga, kwenye barabara ya Iringa kwenda Dar. Watu watakwambia utapata shida kupanda, na ni kweli: nikirudi na mbolea nashuka gia ya pili mapema, nakaa nyuma ya lori wala sina hamu ya kulipita. Lakini kushuka na nyanya ndiko kubaya zaidi. Tairi kubwa linarefusha gia, kwa hiyo gia ya tatu iliyokuwa inanishikilia sasa inaniachia, kazi yote inaangukia breki. Safari ya kwanza zilinuka. Juu ya hapo tairi lenyewe ni zito. Nililipima kwenye mizani ya sokoni bila rimu, limezidi la zamani kwa karibu kilo saba.

Dashibodi nayo inapunja. Zamani ikisema 50, GPS ya simu ilisema 47 au 48. Sasa ikisema 50, simu inasema 51, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo haina huruma. Kilomita pia zinahesabiwa pungufu, ndiyo maana mwanzoni nilipata hofu kwamba lita moja imeshuka kutoka kilomita 11 hadi 9. Nikirekebisha hesabu inakuja kama 9.6. Bado ni hasara, tena hasara ya kila wiki.

Halafu spea. Nilinunua manne, la akiba nikaacha lilelile dogo. Fundi akanionya: ukipata pancha topeni ukafunga hilo dogo, kisha ukaingiza 4x4, matairi yanazunguka kwa kasi tofauti na difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi) ndiyo inayoumia. Nikanunua la tano. Chini ya bodi halikukaa sawasawa, hata tulipolitoa upepo. Sasa linasafiri nyuma pamoja na mzigo, na kila safari naingia Dar na matenga mawili pungufu.