Chinatown ya Singapore kwa miguu: anzia mwisho wa ramani

Nilishuka melini Singapore baada ya mkataba wa miezi 9 kwenye chumba cha injini. Wakala akaniacha hotelini alfajiri, akasema gari la uwanja wa ndege litanifuata saa 2 usiku. Mtu aliyezoea kitanda kinachotikisika hapati usingizi kwenye kitanda kilichotulia, basi nikapakua programu moja ya matembezi ya bure, nikachagua njia ya michoro ya ukutani na mambo ya kale ya Chinatown, nikatoka. Hakuna kiongozi, hakuna kikundi, hakuna kibendera cha kufuata. Simu inakuonyesha nukta na wewe unazifuata. Waliotengeneza ramani walikadiria mwendo wa saa mbili na nusu. Nilitumia tano: kulikuwa na mvua, kulikuwa na swala, na mie mwenyewe ni mkaidi.

Njia inaanzia kituo cha treni cha Chinatown, unapanda ngazi na kutokea Pagoda Street. Hapo usipoteze muda. Ni sumaku za kubandika kwenye friji, feni za karatasi, fulana, na muuzaji anayekuita "bosi" kabla hujamtazama. Kariakoo iliyopigwa pasi.

Ila jina la mtaa linachekesha, maana pagoda yenyewe, ule mnara wa ibada wa Kibuddha wenye paa juu ya paa, haipo. Kilichoitwa pagoda ni mnara wa hekalu la Wahindi, Sri Mariamman, uliojaa masanamu ya rangi kutoka chini hadi kileleni. Lilianzishwa 1827 na Naraina Pillai, Mtamil aliyefika 1819 na Raffles, Mwingereza aliyeanzisha bandari ya Singapore. Ukifuata barabara hiyo hiyo ya South Bridge hatua chache unaukuta Masjid Jamae, msikiti wa Wachulia, Waislamu wa Kitamil kutoka pwani ya Coromandel huko India, ulioanzishwa 1826. Kwa hiyo Pagoda Street, Temple Street na Mosque Street, mitaa mitatu ya katikati kabisa ya Chinatown, yote imepata majina kutoka nyumba mbili za ibada ambazo si za Wachina. Mtu wa Tanga hilo halimshangazi hata kidogo.

Nilisali adhuhuri hapo Jamae. Lango lenye minara miwili ya pembe nane limenyooka sawasawa na barabara, lakini ukiingia ndani unaona ukumbi wa swala umekaa mshazari. Lango limefuata barabara ya serikali, ukumbi umefuata kibla. Programu haikulitaja hili. Nililiona kwa sababu nilikuwa nimekaa chini nafunga viatu na mistari ya sakafu ikakataa kulingana.

Michoro mingi ya upande huu ni kazi ya Yip Yew Chong, mhasibu aliyekulia Sago Lane, hapo hapo Chinatown. Alianza kupaka kuta 2015, baadaye akaziacha hesabu kabisa. Anachora mambo ya utoto wake: jukwaa la opera ya Kikantoni pale Temple Street, muuza vinyago vya karatasi kwenye kichochoro cha Mohamed Ali Lane, watoto na taa zao usiku wa sikukuu ya mwezi mpevu.

Ulionisimamisha ni ule wa mwandishi wa barua, Smith Street. Mzee kakaa kwenye meza yake ya barabarani, kazi yake kuandikia watu wasiojua kuandika, barua ziende kwao China. Wazee wa namna hii nimewaona, ila wetu walikuwa na mashine za taipu nje ya posta. Na nyumbani kwetu mwandishi nilikuwa mie. Baba mkubwa alikuwa baharia kabla yangu, na bibi hakujua kusoma, basi jioni anakaa mkekani, mie na daftari. "Andika: baada ya salamu, ukitaka kujua hali yangu, mimi mzima, hofu ni kwako." Paa lilikuwa linavuja na mbuzi wawili wameibwa, lakini barua ikaenda hivyo hivyo, mimi mzima. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikijiuliza mzee huyu alishaandika "mimi mzima" ngapi kwa Kichina.

Lawama yangu kwa michoro hii ni kwamba ni mitamu mno. Watoto wanacheka, kila mtu kashiba. Sago Lane hiyo hiyo ilikuwa na nyumba za kufia. Maskini waliokuwa wakikaribia kukata roho walipelekwa huko kusubiri, maana vyumba walivyopanga vilijaa watu na wengi waliamini kifo ndani ya nyumba kinaacha mkosi. Serikali ilizipiga marufuku 1961. Sasa eneo hilo lina hekalu kubwa la Jino la Buddha, lililofunguliwa 2007, jekundu na la kupendeza, na programu inakupa sentensi mbili kuhusu waliofia jirani hapo. Mbili! Kuhusu aiskrimu ya durian ilinipa aya nzima.

Usio na sukari ni mchoro wa mama wa Samsui, ubavuni mwa jengo namba 297 South Bridge Road. Kinamama hawa walitoka Sanshui, jimbo la Guangdong, wakaja kufanya kazi za ujenzi. Walibeba zege, matofali na udongo, kitambaa chekundu kichwani. Mwaka 2024 Sean Dunston, Mmarekani anayeishi Singapore, alimchora mmoja wao akiwa kijana, kakaa anapumzika, sigara inawaka mkononi. Zogo likazuka. Kuna aliyelalamika kwamba anafanana na kahaba, mamlaka ya mipango miji ikataka sigara ifutwe, watu wengine nao wakaja juu. Mwishowe sigara ikabaki, na mwenye jengo akapigwa faini ya dola 2,000 za Singapore kwa kupaka bila kibali. Bibi yangu niliyemtaja hakukosa tumbaku kwenye kijaluba chake cha tambuu. Dada huyu, bibi angemkaribisha kibarazani bila kumuuliza kwao wapi.

Sasa programu yenyewe. Nukta moja ilinipeleka kwenye ukuta uliopakwa rangi upya, mweupe pe. Nyingine ilinipeleka kwenye gari la mizigo lililoegeshwa, nikaona kichwa cha mtoto na nusu ya taa, huku sauti ya simu ikiniambia kwa utulivu nitazame kushoto kwangu. Mara mbili iligoma kabisa ikataka niingize upya nywila. Njia nzuri nimeipa nyota nne. Programu inapata mbili, ya pili ni ya huruma.

Mvua ilishuka ghafla kama masika ya kwetu, na hapo ndipo nilipoujua uungwana wa nyumba hizi za duka chini, makazi juu. Kila moja ina veranda mbele yake, upana kama futi 5, na zote zimeunganishwa mlango kwa mlango. Ni agizo la Raffles la 1822, ili mtu atembee bila kuungua wala kulowa. Ni baraza zetu hizi hizi, ila hazikatiki. Nilienda mtaa mzima nimevaa ndala na mguu haukupata tone.

Wenyeji wanapaita hapa Kreta Ayer kwa Kimalay, yaani gari la maji, na jina la Kichina linaongeza ng'ombe tu: gari la ng'ombe la maji. Zamani maji yalichotwa visimani Ann Siang Hill na Spring Street, yakasambazwa kwa magari ya ng'ombe. Programu inakuvusha kilima hicho kwa ngazi zenye kivuli, na ukishuka upande wa pili unatokea Amoy Street. Hapa ndipo nilipokasirika, kwa sababu waliopanga njia wameweka kitu bora kuliko vyote mwisho, wakati miguu imevimba na betri imebaki asilimia 9.

Ni ukuta wa nyuma wa hekalu la Thian Hock Keng, wenye mchoro wa mita 44, kazi ya Yip huyo huyo, 2017. Unasimulia safari ya Wahokkien: watu wanaondoka kwao Fujian, kusini mwa China, majahazi, bahari, kisha bandari na makuli wenye mizigo mabegani. Ndiyo, makuli, neno lile lile tunalolitumia bandarini Tanga. Nilianza upande usio wake, nikaona watu wanarudi kinyumenyume kutoka mjini kwenda melini, ikanibidi nizunguke nianze upya. Hapa mchoraji kaacha jasho lionekane. Kuna migongo iliyopinda. Mie nimeshawahi kubeba gunia kwenye ubao wa kupandia meli, najua goti linavyokaa mtu akiwa na mzigo wa kweli, na yale ya ukutani yamekaa hivyo.

Zunguka sasa mbele ya hekalu, Telok Ayer Street. Jina ni la Kimalay, ghuba ya maji, na maji huyaoni. Kuna magari, mikahawa na maghorofa ya benki. Lakini barabara hii ndiyo iliyokuwa ufukwe, mpaka bahari ilipoanza kufukiwa mwishoni mwa miaka ya 1870. Hekalu lilijengwa 1839 hadi 1842 kwa ajili ya Mazu, mlinzi wa mabaharia. Mtu akishuka chomboni akiwa hai, kitu cha kwanza ni kuvuka mchanga na kwenda kushukuru. Mtaa huo huo kuna Nagore Dargah, iliyojengwa 1828 hadi 1830 kumkumbuka Shahul Hamid, walii wa Nagore huko India, na hatua chache zaidi msikiti wa Al-Abrar, ulioanza 1827. Wote walijipanga mstari mmoja kuikabili bahari. Bahari ikaondoka, wao wakabaki wakitazama madirisha ya ofisi. Nilisimama kwenye kizingiti cha Thian Hock Keng na begi langu la melini (sikuliacha hotelini, tabia mbaya ya kazi), mlinzi akanitazama begi, akatabasamu, akanionyesha benchi.

Chakula: Amoy Street Food Centre ipo karibu hapo na ina vibanda vya halali vya Wamalay. Nilikula mee rebus, tambi za manjano kwenye mchuzi mzito wa viazi vitamu, yai na ndimu juu, dola 5 za Singapore. Waliokuwa mezani kwangu wote walivaa vitambulisho vya ofisi shingoni na walikula kama wanafukuzwa.

Ushauri wangu ni kuigeuza ramani. Telok Ayer na Chinatown ni vituo vinavyofuatana kwenye reli ya bluu, kwa hiyo shuka Telok Ayer, anzia ufukwe uliokauka, pita ukuta wa Amoy Street ukiwa na nguvu zako, panda kilima, umalizie kwa mwandishi wa barua. Kwa mpangilio huo watu wanashuka melini kwanza, ndipo wanaandika nyumbani. Pakua ramani hotelini, beba maji, na nenda saa 1 asubuhi kabla magari ya mizigo hayajaegeshwa. Mie mkataba mwingine ukinipitisha huko, kuna mtoto wa ukutani na taa yake, waliofichwa na gari la mizigo, wa kwenda kuwaona wazima.