Pwani ya Italia kwa siku chache: hesabu ngazi kwanza ndo ulipie chumba

Tangu msimu wa joto uishe napokea meseji za watu waliotoka Italia na wengi wanalia kitu kilekile. Iliyoniuma zaidi ni ya dada mmoja wa Arusha anayeishi Ujerumani, alimpeleka mama yake Positano, mji wa pwani ya Amalfi kusini mwa Italia, kama zawadi ya kustaafu, akalipia chumba chenye baraza linaloangalia bahari, tangazo likasema "mita 150 kutoka ufukweni". Ni kweli ni mita 150, ila zote za kushuka. Kutoka barabarani mpaka mlangoni ngazi za mawe, kutoka mlangoni mpaka baharini ngazi nyingine, mama ana goti bovu, siku ya pili hakutoka tena chumbani, akawa anaiangalia bahari dirishani na chakula analetewa. Na mwenye nyumba alipoulizwa akajibu kila mtu anajua Positano ikoje.

Si kila mtu anajua. Huyo mama hakujua, na aliyelipia hakujua, na tangazo halikuandika neno hata moja.

Hali ya hewa, pasta, nguo za kubeba, hoteli ya nyota ngapi, hayo mtayapata kokote. Leo nina ngazi na begi tu, maana ukiwa na siku 4 au 5 halafu moja ukaimaliza unaburuza begi na nyingine unapumzisha miguu, umebaki na nusu likizo na hela umelipa nzima.

Tatizo ni ardhi yenyewe. Kule Amalfi milima ya Lattari inaingia moja kwa moja baharini, tambarare hakuna, kwahiyo nyumba zimepandiana na barabara kubwa ya magari kando ya bahari ni moja, SS163, nyembamba na kona tupu. Nje ya hiyo unatembea kwa ngazi. Cinque Terre kule Liguria, kaskazini magharibi mwa Italia, nako hivohivo, vijiji vitano vimebanwa kwenye miamba. Zote mbili UNESCO iliziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997 na sibishi, ni pazuri mno. Ila ramani ya simu inakuonyesha mita za kwenda mbele, za kupanda huzioni, na wenye vyumba wanalijua hilo vizuri sana.

Kwahiyo kabla hujalipa, fanya hivi. Fungua picha za chumba, acha kitanda, acha bahari, tafuta picha ya mlango wa kuingilia kwa nje. Kama picha ziko thelathini na hakuna hata moja ya mlango wa nje, shtuka. Kama ipo, angalia kama kuna reli ya kushikilia ukutani, reli ikianza chini kabisa ya picha na kupotelea juu ujue ngazi zinaendelea huko ambako kamera haikufika. Halafu ingia kwenye riviu, kwenye kisanduku cha kutafuta andika "gradini", ndo ngazi hizo, soma wageni wa Kiitaliano wanasemaje, wao hawafichi. Mwisho muandikie mwenye nyumba hukohuko kwenye mtandao ulikoliona tangazo, usimpigie simu, muulize: "Quanti gradini ci sono dalla strada alla porta?" Unataka namba. Akijibu "pochi", yaani chache, muulize tena mpaka atoe namba, na hayo maandishi yatakusaidia ukidai hela yako. Wasomaji wangu wa Malindi na Watamu hamhitaji hata hiyo sentensi yangu, kwa jinsi Waitaliano walivyojaa huko Kiitaliano mnakijua tangu utotoni. Na lifti pia uliza inaanzia wapi, majengo ya zamani mengi lifti unaikuta baada ya kupanda ngazi kadhaa za mlangoni, wao wameandika "ipo" basi wamemaliza.

Sasa pa kulala. Napanga kwa mtu mwenye siku chache, begi la magurudumu, na pengine mzazi au mtoto mdogo.

Ya kwanza ni Salerno, mji ulio mwisho wa mashariki wa pwani ya Amalfi, na hata sifikirii mara mbili. Watu wanaipita kwasababu haiko kwenye picha za Instagram, wakati treni za mwendo kasi kutoka Roma na Napoli zinakushusha katikati ya mji, unatembea dakika chache kwenye barabara tambarare unafika gati la Piazza della Concordia ambako boti za Amalfi na Positano zinaondokea. Mpaka Amalfi ni kama dakika 35. Ukitoka Salerno kaa upande wa kulia wa boti, ndo upande wa pwani, utapita Vietri yenye vigae vya rangi, Cetara ya wavuvi wa dagaa, Maiori, Minori, yote umekaa unapigwa na upepo wakati wenzako wamesimama kwenye basi wamebanana na kila kona wanaangukiana. Begi lako umeliacha hotelini. Ukishuka Amalfi bandari yenyewe ni tambarare, ngazi utazikuta kanisa kuu, ziko 62, asiyeweza kupanda anakaa kwenye meza za chini pale uwanjani na sura yote ya kanisa anaiona vizuri tu. Jioni mnarudi Salerno, mnatembea Lungomare Trieste chini ya mitende pamoja na familia za wenyeji, na chakula cha jioni hamlipi bei ya kupigia picha. Angalieni tu kwamba boti zinafanya kazi takriban Aprili mpaka Oktoba, na bahari ikichafuka zinasitishwa, kwahiyo siku ya boti msiiweke ya mwisho.

Kama roho yako imekataa na unataka kulala kwenye pwani yenyewe, lala Maiori. Mji uko kwenye mdomo wa bonde la mto, mafuriko ya 1954 yaliharibu sana ukajengwa upya, ndo maana una barabara pana na ufukwe mrefu kuliko wote wa pwani ya Amalfi. Wanaopenda mawe ya kale wanaudharau. Waacheni, nyie mtalala bila miguu kuuma.

Ya pili ni Monopoli, kule Puglia kusini mashariki mwa Italia. Ukitua Bari kuna treni kutoka uwanja wa ndege mpaka stesheni kuu, pale unapanda treni ya kwenda upande wa Lecce, kama dakika 40 hivi uko Monopoli, na kutoka stesheni mpaka mji wa kale ni kutembea tu, hakuna kilima. Bandari ndogo ya zamani imejaa mitumbwi ya bluu, ukuta wa mji unagusa maji, na kaufukwe ka Cala Porta Vecchia kapo hapohapo chini ya ukuta. Polignano a Mare mnakopaona kwenye picha, ule ufukwe uliobanwa katikati ya miamba miwili, ni kituo cha jirani, nenda asubuhi urudi, na jueni kwamba kushuka pale Lama Monachile ni ngazi na chini ni kokoto tupu, asiyeweza abaki juu darajani, picha nzuri zinapigwa kutokea hapo hata hivyo. Focaccia ya Bari, mkate bapa wenye nyanya juu, ukinunua kipande cha moto mchana umekula.

Ya tatu Sestri Levante kwa wanaotaka Cinque Terre. Mji mzima umekaa tambarare katikati ya ghuba mbili, Baia delle Favole na Baia del Silenzio, na treni inakufikisha vijijini asubuhi mikono mitupu. Vijiji vyenyewe havifanani kwenye suala langu: Monterosso stesheni iko ufukweni kabisa na ndo tambarare kuliko vyote, Vernazza mtaa mkuu unateremka taratibu mpaka bandarini japo vyumba vingi viko juu ya ngazi, Riomaggiore na Manarola ni miteremko mikali. Corniglia ndo balaa, iko juu ya mwamba na kutoka stesheni kuna ngazi zaidi ya 370 wanaziita Lardarina. Kuna kibasi cha kupandisha watu lakini kikijaa kimejaa. Na bado kuna mtu anauza chumba Corniglia na kuandika "karibu na stesheni".

Ya nne Cefalù, Sicilia, kama saa moja hivi kwa treni kutoka Palermo, stesheni na mji na bahari vyote vinafikika kwa mguu, kanisa kuu lilianza kujengwa 1131. Nimeiweka ya nne kwasababu Julai na Agosti joto lake halifai kwa mzee. Ila naiweka mbali juu ya Taormina, mji mwingine wa Sicilia, ambayo stesheni yake iko chini baharini na mji uko kama mita 200 juu, ukishuka na mabegi ndo kwanza unaanza kutafuta basi au teksi.

Wanaotaka bei ya chini kabisa: Rimini, tambarare, treni ipo, mchanga mpana, mandhari ya milima hamna. La Spezia, mji jirani na Cinque Terre, nayo ni nafuu kuliko vile vijiji vitano.

Positano naiweka mwisho kwa kulala, ila kwa kutembelea mchana inafaa. Kuna wapagazi wanabeba mabegi, wanachaji kwa begi mojamoja, hiyo gharama haipo kwenye tangazo. Vijana wawili wenye mabegi ya mgongoni, nendeni, mtafurahi.

Ukiacha Maiori, mtagundua zote nilizochagua zina treni. Mimi ni mtu wa Trenitalia, kampuni ya treni ya Italia, hasa zile treni zao za Regionale, za kawaida zisizo za mwendo kasi, nasema wazi na hawanilipi. Bei ya Regionale haipandi ukichelewa kukata, ukinunua mwezi kabla au dakika kumi kabla ni ileile, wakati za mwendo kasi unaadhibiwa kwa kutopanga mapema. Zile mpya zilizoanza 2019, wanaziita Rock na Pop, ukipanda ni karibu usawa na jukwaa, begi linaingia bila kuinuliwa, na huko ndo unaona mtu aliyefikiria abiria mwenye mtoto na mzee. Mabehewa ya zamani bado yapo, hayo utapanda vidato na begi mkononi. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine cha stesheni kabla hujapanda, ya kwenye simu ifanyie check-in, vinginevyo ni faini na hawasikilizi kuwa wewe mgeni. Kinachonikera kwao ni Cinque Terre Express, treni ya vile vijiji vitano, pale wamepandisha bei ya msimu mpaka kituo kimoja cha dakika chache kinauma, kwahiyo kama utashuka vijiji zaidi ya viwili kata Cinque Terre Card ya siku yenye treni.

Na kuanzia Januari 2025 kila chumba cha kukodisha watalii Italia kinatakiwa kionyeshe namba ya usajili inaitwa CIN kwenye tangazo. Usipoiona, ruka. Pia kuna kodi ya mgeni kwa kila usiku kwa kila mtu, mara nyingi inalipwa palepale na haimo kwenye bei uliyoiona, na mgahawani kuna coperto, hela ya kukaa tu mezani. Ufukweni viti na miavuli ni vya biashara, safu za mbele ghali zaidi, bure ni sehemu iliyoandikwa "spiaggia libera" na mara nyingi ni kakipande ka pembeni.

Nikija kwa mawakala wetu wa Dar na Nairobi, hapo nakasirika kabisa. Kuna pakeji inazunguka WhatsApp "Amalfi Coast siku 5", ukisoma maandishi madogo hoteli iko Agerola, juu mlimani, mbali na bahari unayolipia, na kila asubuhi ni basi kushuka na kila jioni basi kupanda. Mwingine anaweka Roma, Venice, Cinque Terre na Amalfi kwenye siku hizohizo tano, yaani likizo nzima unaangalia migongo ya viti vya basi. Halafu viza. Ada ya Schengen, viza ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12 ni 45, na ukinyimwa hairudi, juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi na bima inayotakiwa kufika yuro 30,000. Hizo ni gharama zinazojulikana, yeyote anaweza kuzisoma. Wakala anazichanganya zote na hoteli na ndege anakupa namba moja kubwa ya "viza na kila kitu", na wengine wanadiriki kusema viza ni ya uhakika, wakati uamuzi ni wa ubalozi na hakuna wakala mwenye huo mkono. Mwambie akuandikie viza peke yake, bima peke yake, hoteli kwa jina na anuani, na ada yake yeye peke yake. Akikataa kutenganisha, beba pasi yako utoke, na ile anuani ya hoteli akikupa kaitafute "gradini" kwenye riviu kabla hujampa hata shilingi ya advansi.